Shavu la Kulia la Mama Emanueli

Msimu ule kakao ilipopanda bei hadi watu wakaanza kuogopana, kila mtu kule Kyela alifanya wazimu wake. Wako waliojenga nyumba wakasahau choo. Yuko bwana mmoja wa Ngana aliyenunua friji la milango miwili, na kwa kuwa umeme ulikuwa haujamfikia, akalitia nguo. Simcheki, maana mwaka mzima panya hawakuonja hata soksi yake. Lakini wazimu wa Neli, mfinyanzi wa Lyulilo, pale Matema, ulikuwa wa peke yake. Neli aliuza kakao ya shamba alilorithi kwa mama yake huko Makwale, akakata shauri kwenda kuinuliwa uso.

Tusimlaumu kabla hatujamsikiliza. Neli alikuwa amevuka sitini, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeishi baina ya jua la ziwani na moshi wa kuchomea vyungu. Mashavu yalikuwa yameshuka. Mikunjo miwili mirefu ilitoka puani ikateremka hadi pembeni mwa mdomo, mmoja kulia, mmoja kushoto. Yeye mwenyewe hakuwa na ugomvi nao. Kioo alikuwa nacho kimoja, kipande tu, na kazi yake ilikuwa kutolea mchanga jichoni.

Ugomvi uliletwa na macho ya mumewe. Tomasi alikuwa amepofuka kwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, taratibu, mpaka ikafika asubuhi akauliza kama kumekucha. Hiyo ilikuwa miaka kumi nyuma. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akipakia vyungu vya mkewe kwenye mtumbwi na kuviuza sokoni kila Jumamosi, tena kwa mdomo mtamu sana. Alipopofuka aliendelea kukaa sokoni na kusifia. Akimaliza kusifia vyungu, alimsifia mfinyanzi. "Mmemwona mke wangu?" aliwauliza wateja. "Shavu lile laini, kama ndani ya mtungi mpya! Haya, nunueni." Wateja walimtazama Neli, wakamtazama Tomasi, wakanunua kwa adabu tu.

Kwa Tomasi, unaona, Neli alibaki alivyomwona mara ya mwisho. Hakumwona akizeeka. Wala hakumwona siku ile ziwa lilipomchukua mtoto wao wa pekee, Emanueli, katika mwaka wa pili wa upofu wake, likamrudisha amekwisha kufa. Tomasi alizika kwa masikio tu. Tangu msiba huo alianza tabia moja: kila jioni, wakiwa wamekaa jikoni, alipeleka vidole usoni kwa mkewe, akavipitisha polepole mashavuni, kisha akasema, "Leo umechoka," au, "Leo kuna mtu amekuudhi sokoni." Neli aliiona kama mchezo wa kipofu, akamwachia.

Basi ikatangazwa kwamba madaktari wa macho wangekuja kuweka kambi mwezi ujao. Tomasi alipimwa na kuandikishwa: jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye. Majirani wakaimba. Neli naye akaimba, tena alipiga vigelegele kuliko wote, kisha akaingia ndani, akachukua kile kipande cha kioo, akajitazama kwa mara ya kwanza bila mchanga jichoni.  Mumewe angefunguliwa macho, angemtafuta yule wa shavu la mtungi mpya, na mahali pake angemkuta kikongwe amekaa na mwiko mkononi. Neli aliogopa. Hakuogopa kuachwa, maana Tomasi angeenda wapi na jicho moja? Aliogopa ile dakika ya kwanza tu, ya kuona uso wa mumewe ukiporomoka kwa sababu ya wake.

Alijua mtu mmoja tu wa kumwuliza. Huyo alikuwa Bibie, mwenye duka la khanga na manukato pale Kyela mjini, mtu wa asili ya pwani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimchukulia Neli vyungu na kuwauzia wasafiri. Mwaka uliotangulia Bibie alikwenda India "kutibu mgongo", akarudi na mgongo uleule na uso mwingine.

Bibie alifunga mlango wa stoo, akavua mtandio, akamwonyesha nyuma ya sikio. "Shoga yangu, mimi nilifanya ile kubwa. Walinipa dawa ya usingizi. Nililala mzima, nikaamka na mirija miwili inatoka kichwani kama redio ya zamani. Walipasua kuanzia kwenye nywele, wakashuka mbele ya sikio, wakazunguka chini yake mpaka kisogoni. Si ngozi tu, ah-ah! Nyama ya ndani waliivuta wakaishona, na shingo nayo. Nimelala wodini na manesi wananigeuza. Mwezi mzima nilikuwa na rangi za kanga."

"Na hakuna ndogo yake?" Neli aliuliza.

"Ipo. Hanifa, binti wa shangazi yangu, alifanya ndogo, Dar es Salaam, kwenye kliniki ya ghorofani juu ya duka la vitanda. Sindano ya ganzi, kimkato kifupi mbele ya sikio, shavu limeinuliwa, basi. Alikuwa macho muda wote, anabishana na daktari juu ya mchele wa Kyela. Jioni yuko kwake anakula."

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Shingoni," alisema Bibie. "Uso wa Hanifa umefika Dar es Salaam, shingo imebaki Kyela. Tena ule mdogo haudumu. Wake umeshaanza safari ya kurudi."

Neli alimsogelea. Kwa kuwa kazi ni kazi, alikunja kidole, akamgonga Bibie shavuni, akatega sikio. Ndivyo wafinyanzi wanavyojua chungu kilichoiva na chenye ufa. Akagonga shavu la pili. "Kimeiva sawasawa," alisema, na Bibie, ambaye kwa ule uso mpya hakuna aliyeweza kujua kama ameudhika, alifungua mlango wa stoo.

Neli alikwenda Mbeya na uamuzi wake tayari: anataka kubwa. Tomasi alimwambia anakwenda kung'oa jino. Kliniki aliyoelekezwa ilikuwa ya daktari mwanamke, kijana bado, jina lake Lusungu. Daktari Lusungu alimpima presha, akaipima tena, akatikisa kichwa.

"Mama, ile kubwa siwezi kukufanyia hapa. Inataka hospitali kubwa, wodi, daktari wa usingizi, na damu ya akiba. Na kwa presha hii hata huko watakurudisha unywe dawa kwanza, miezi. Hapa tunafanya ndogo tu. Nayo mpaka presha ishuke, na utulie."

"Lakini daktari, ukiinua mdomo wa chungu bila kugusa tumbo, chungu kinapinda."

"Wewe si chungu, mama."

"Najua," alisema Neli, ingawa hakuwa na hakika. "Nikifanyiwa, nitakauka lini?"

"Utakauka?"

"Uso."

"Uvimbe utapungua wiki ya pili, ya tatu." Daktari aliweka kalamu chini. "Hebu niambie. Kwa nini unataka?"

"Kuna mtu anarudi kutoka mbali."

"Amekaa huko siku nyingi?"

"Miaka kumi."

"Alikuwa wapi?"

"Nyumbani," alisema Neli.

Daktari akampa vidonge na siku ya kurudi. Neli alivimeza kwa bidii zote, akaacha chumvi, akaacha kugombana na jirani yake Asifiwe juu ya udongo, na siku ya kurudi presha ilikuwa imetulia. Wakampaka dawa, wakamchoma ganzi. Aliambiwa aache simu nje. Neli aliitikia ndiyo, akaificha kwenye fundo la kitenge, kwa sababu yeye ni mtu mzima na haambiwi mahali pa kuweka simu yake.

Daktari alianza na shavu la kulia. Neli hakusikia maumivu, alisikia kuvutwavutwa tu, kama mtu anayetandika kitanda huku wewe bado umelala. Kazi ikaenda vizuri. Shavu likainuliwa, kipande cha ngozi kilichozidi kikakatwa, uzi ukafungwa. Daktari alikuwa ndiyo kwanza anazunguka kwenda upande wa kushoto, fundo la kitenge likaanza kuimba wimbo wa kwaya.

Neli alipokea kabla nesi hajafika. Alikuwa Asifiwe, anapiga kelele utadhani anatumia mdomo tu bila simu. "Mama Emanueli! Uko wapi na jino lako? Madaktari wa macho wamewahi! Wamekuja leo badala ya mwezi ujao! Baba Emanueli wameshamfanya, amelala na bendeji! Kesho asubuhi wanamfungua!"

Mashine ya presha ikaanza kulia peke yake. Daktari Lusungu aliitazama, akaweka kisu kwenye trei. "Kwa presha hii siligusi shavu la kushoto. Nikikata sasa, damu haitakatika. Pumzika hapa mpaka ishuke. La pili tutalimaliza siku nyingine, mama."

"Kwa hiyo mimi ni nusu?"

"Kwa sasa, ndiyo."

Mtu mwingine angelia. Neli alilala pale na bendeji kichwani, akawaza kifinyanzi, na hapo ndipo alipopotea. Maisha yake yote alikuwa amechoma vyungu kwenye nyasi na matete, na moto wa namna hiyo hauna adabu. Chungu kizuri kabisa kinatoka na doa jeusi la moshi ubavuni. Hukitupi. Unakipanga sokoni, doa likitazama nyuma, upande safi ukitazama mnunuzi. Presha ilipokubali, akaondoka na gari la mwisho. Alikuwa ameshajipanga.

Asubuhi bendeji ya Tomasi ilipofunguliwa, Neli alikuwa amesimama mbele yake kwa ubavu, kilemba kimefunika bendeji yake, shavu la kulia limevimba na kung'aa. Hakukuwa na mkunjo hata mmoja. Tomasi alipepesa lile jicho moja. Aliona mwanga, akaona ukungu, akaona kitu cha mviringo.

"Mama Emanueli?"

"Ni mimi, Baba Emanueli."

"Mbona umegeuka?"

"Jino," alisema Neli.

"Ndaga, Kyala," alisema Tomasi, akimshukuru Mungu, akalia kwa jicho alilokatazwa kulia nalo. Alipeleka vidole usoni kwa mkewe kama kawaida yake. Neli akamkwepa, akasema jino bado linauma.

Likauma wiki hiyo, na nyingine, na nyingine. Nyumbani Neli alilitunza shavu lake jipya kwa namna aliyoijua. Alilikinga na jua lisipasuke. Alikaa kivulini, mbali na upepo, na mara kwa mara alibadili mkao ili, alivyosema mwenyewe, likauke sawasawa. Uvimbe ukashuka, nyuzi zikatolewa na nesi wa Kyela mjini ambaye Bibie alimlipa kwa manukato ili asiseme. Shavu likatulia. Lilikuwa zuri, tusidanganyane. Kulia Neli alikuwa mama wa makamo aliyekula vizuri. Kushoto alikuwa bibi yake.

Alipanga nyumba upya. Kigoda cha Tomasi kilikaa mlangoni, cha kwake kikatazama ukuta wa nyuma, ili shavu la kulia ndilo limwelekee mume. Alipakua chakula akitazama ukuta. Alisali akitazama ukuta.

"Unamtazama nani huko?" Tomasi aliuliza.

"Kuku."

"Kuku wamepanda ukutani?"

"Wa siku hizi wako hivyo."

Balaa lenyewe lilianza Tomasi aliporuhusiwa kutembea. Alitaka kuona kila kitu: ziwa, milima ya Livingstone, mitumbwi, hata jalala. Na alitaka kuona akiwa na mkewe. Siku ya kwanza Neli alikwenda kusimama kushoto kwake, maana ukiwa kushoto kwa mtu, shavu linalomwelekea ni lako la kulia. Tomasi akakataa. "Huko ni kwenye jicho bovu. Nimekaa gizani miaka kumi, wewe usikae upande wa giza. Njoo huku kwenye mwanga."

Kwenye mwanga ni kulia. Na ukisimama kulia kwa mtu, mkielekea njia moja, shavu linalomwelekea ni la kushoto. Hakuna ujanja. Jaribuni wenyewe na wake zenu. Neli alisimama pale ufukweni akahesabu mara mbili, kisha akafanya jambo moja lililobaki. Alisimama kulia kwa mumewe, akageukia alikotoka, na wakaanza safari: Tomasi anakwenda mbele, Neli anakwenda kinyumenyume.

"Ni nini tena?" Tomasi aliuliza.

"Mgongo. Daktari wa meno amesema nitembee hivi."

"Daktari wa meno?"

"Amesoma sana."

 Tomasi alimtazama, akamshika mkono ili asijikwae kwenye kamba za mitumbwi. Wakaendelea hivyo kila jioni, mmoja akiona ziwa linakokuja, mwingine akiona linakokwenda.

Sasa Asifiwe, yule jirani, ni mwanamke mwenye macho. Aliona vitu viwili. Kwanza, Neli anatembea kinyumenyume ufukweni. Pili, shavu la kulia la Neli limekuwa jipya. Akaunganisha mwenyewe bila msaada wa mtu: ukitembea kinyumenyume, upepo wa ziwa unakupiga shavu la kulia, unalipandisha. Kesho yake naye alikuwa ufukweni, kisogo mbele. Keshokutwa walikuwa wanawake wa nyumba nzima, na wiki iliyofuata lilikuwa kundi, vyungu vichwani, wanasonga mbele kwa nyuma kimya kimya na kwa imani kubwa. Wanaume waliopinga walinyimwa samaki. Mzee wa kanisa alilazimika kutangaza, mara baada ya sadaka ya mavuno, kwamba waumini wanaombwa kuingia ibadani kwa uso.

Neli angeweza kusema kweli akawaokoa wao na vyungu vyao. Hakuthubutu. Kila jioni alipima dakika ile aliyoiogopa, akaona ameikwepa tena, na kila jioni mikono ya mumewe ilipomsogelea, alisema jino. Usiku alilala ubavu mmoja. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka kabisa, na alianza kuikosa ile mikono.

Jumamosi moja wakaenda sokoni Lyulilo, yeye na Tomasi, kwa mwendo wao. Soko lilikuwa limejaa, vyungu vimepangwa mchangani hadi karibu na maji. Kutoka upande wa pili Asifiwe alikuwa anakuja na mtungi kichwani, kinyumenyume pia. Watu waliona. Hakuna aliyesema, kwa sababu kila mmoja alitaka kuona mwisho wake. Migongo miwili ikakutana. Mtungi ukaruka, ukatua, ukawa vigae. Asifiwe akakaa kwenye maji. Neli akazunguka kama pia, akaangukia makalio mbele ya miguu ya mumewe, kilemba kikiwa mbali, na shavu la kushoto likimtazama Tomasi usoni.

Akalifunika haraka kwa kiganja.

 Tomasi alisimama juu yake. Halafu akasema, bila hasira, kwa sauti yake ya kuuzia, "Mama Emanueli. Mimi nimeuza vyungu vyako tangu tuko vijana. Nimegeuzia madoa yako yote ukutani. Unadhani sijui chungu kinachoonyeshwa upande mmoja?"

"Baba Emanueli, niache."

"Toa mkono."

Hakutoa. Na hapa lazima nieleze desturi. Chungu kidogo, mnunuzi hukiinua akakizungusha mikononi. Lakini mtungi mkubwa wa pombe hauinuliki, kwa hiyo mnunuzi ndiye anayezunguka: anakwenda polepole, ameinama, anatazama ubavu wote mpaka arudi alipoanzia, na mwuzaji haruhusiwi kusema neno mpaka amalize. Tomasi akaanza kumzunguka mkewe. Watu wote wa Lyulilo wanajua maana ya mzunguko ule, wakarudi nyuma kumpa nafasi. Hata Asifiwe alikaa palepale majini akasubiri. Neli naye, mfinyanzi aliyezaliwa na wafinyanzi, alishikwa na adabu ya soko. Mkono wenyewe ukashuka. Akafumba macho.

Tomasi alipita kulia. Akapita nyuma. Akafika kushoto, akasimama. Neli alisubiri ile dakika yake. Aliisubiri kwa muda mrefu, na alichosikia ni goti la mumewe likishuka mchangani, kisha kidole kikigusa pembeni mwa pua yake na kuteremka, polepole, hadi pembeni mwa mdomo.

"Huu hapa," alisema Tomasi.

Neli akafumbua macho. Mumewe alikuwa analia tena kwa lile jicho, lakini uso wake haukuwa umeporomoka hata kidogo.

"Huu ulianza tulipomzika Emanueli," alisema. "Kabla ya hapo haukuwepo. Mimi sikumwona mtoto, Neli. Sikuona jeneza, sikuona kaburi. Nilipewa huu tu. Kila jioni nilikuwa naufuata kwa kidole, nikisema, basi, alipita hapa. Waliponiambia watanifungua macho, nilimwomba Mungu kitu kimoja, niuone. Wewe ukaniwekea ukuta."

 Neli alimshika mkono, ule wenye kidole.

"Na ulikuwepo mwingine kama huu huku," alisema Tomasi, akapeleka mkono shavu la kulia, akatafuta, akarudia kutafuta. "Huku sioni. Uko wapi?"

"Wamekata."

"Wamekata? Wameweka wapi?"

"Sijui, Baba Emanueli. Nadhani wametupa."

Tomasi alikaa chini mchangani, na wakalia wote wawili sokoni, mchana kweupe, katikati ya vigae vya Asifiwe. Hakuna aliyecheka, na watu wale hucheka kila kitu. Jioni walirudi nyumbani, Neli kulia kwa mumewe, wote wawili wakitazama mbele, shavu la kushoto likiwa palepale kwenye jicho zima. Wanawake wa Lyulilo waliwaona, wakatazamana, mmoja mmoja wakageuka.

Wiki ile ile Daktari Lusungu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi wa kweli, maana hakuna daktari anayependa kuacha mtu nusu. "Mama, presha vipi? Njoo basi tumalize. Lile la kushoto lishalipiwa."

Neli alikuwa amekaa jikoni. Tomasi alikuwa karibu yake, kidole kiko shavuni, kinateremka taratibu kama kila jioni. Akasubiri kifike mdomoni ndipo ajibu.

"Ndaga, daktari," alisema. "Hili liache. Hili lina mwenyewe."